Chapati Isiyoiva ya Kariobangi

Serikali, kwa kuwajali wananchi wake, imepiga marufuku jambo lolote lisilo na mwisho. Agizo lilitolewa na Idara ya Kuhitimisha Mambo, tena kwa dharura, maana huko Kariobangi mambo yalikuwa yameharibika.

Chanzo kilikuwa Lorine, mchoraji wa katuni za kujirudia. Alichora mama akigeuza chapati: inaruka, inatua kwenye pani, inaruka tena, na mwisho umeshonwa na mwanzo hata mshono huuoni. Watu hadi mtaa wa Umoja waliitazama kwenye simu mpaka mboga za sukuma zikaungua jikoni.

Mkurugenzi wa idara, Wahome, akaja mwenyewe, na karani wake, Asenath.

"Msichana, hii chapati itaiva lini?"

"Haiivi, mkubwa. Inajirudia tu."

"Na wananchi wanangoja?"

"Hawangoji chochote. Wanafurahi tu."

"Kufurahi bila kikomo," Wahome akamwambia karani. "Hilo ni kosa la pili."

Kompyuta ikakamatwa. Lorine alilia waziwazi, kwani ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Lakini Wahome si katili, jamani. Akampa nafasi ajikomboe: akitumia mashine ya idara, achore filamu ya Mkurugenzi akizindua bomba la maji mtaani Huruma. Kamati ya idara ikiuona mwisho, kompyuta yake itarudi.

Lorine akaenda Huruma kuutafuta huo mwisho. Akamkuta Mama Bwire, muuza omena, ameketi kando ya bomba.

"Mama, akishazindua huwa inakuwaje?"

"Anakata utepe, tunapiga makofi, anaenda zake."

"Halafu maji yanatoka?"

"Maji gani, mwanangu? Mwaka unaofuata anarudi kukata tena."

"Utepe ule ule?"

"Aka, utepe huwa mpya. Bomba ndilo lile lile."

Lorine akachora vile alivyoambiwa, bila kuongeza chumvi. Haja yake ilikuwa kurudishiwa kompyuta tu.

Kamati ikaketi kutazama. Mkurugenzi anakata utepe, makofi, anapanda gari, vumbi linatulia, anashuka garini, anakata utepe. Wajumbe wakangoja maji. Wakaletewa chai na mandazi, wakazidi kungoja.

"Mwisho uko wapi?" Wahome akafoka.

"Hata mimi nautafuta, mkubwa," Lorine akasema kwa heshima zote. "Niambie tu maji yatatoka lini, nauchora sasa hivi."

Mkurugenzi akachungulia dirishani, kana kwamba jibu limeegeshwa huko nje.

Kamati ikajadiliana, ikaamua kwamba filamu haina hatia, imenakili tu. Kisicho na mwisho ni mzinduzi. Lorine akakabidhiwa kompyuta yake, akaikumbatia kifuani. Asenath, mtumishi mwaminifu anayefuata sheria hadi nukta, akamzungushia Mkurugenzi utepe wa vitu vilivyokamatwa, yeye na kiti chake.

Wahome akautazama ule utepe, akarekebisha tai, akatabasamu kana kwamba yuko mbele ya kamera.

"Haya," akasema, "nipeni makasi."