Wajibu wa Kutouliza

Wizara ya Haki ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa kila haki itaambatana na wajibu wake. Wajibu atakabidhiwa mwananchi. Haki itabaki wizarani, mahali salama. Tangazo hili nililiandika mimi mwenyewe, Msaidizi wa Mheshimiwa Mkurugenzi, na ninalionea fahari.

Mteja wetu wa kwanza alikuwa msusi. Kaka yake alikuwa amekamatwa wiki moja kabla, akatupwa mahabusu, na hakuna aliyeambiwa kosa lake.

"Nataka kujua tu kafanya nini," alisema. "Mama yetu hali wala halali."

"Una haki kamili ya kujua," Mkurugenzi alimjibu kwa upole. "Na wajibu unaoambatana nayo ni kutouliza."

"Sasa nisipouliza nitajuaje?"

"Hapo ndipo uzalendo unapopimwa, mama."

Mkurugenzi akaingia kwenye lifti kwenda kula. Lifti ikashuka kidogo, ikalia kama mbuzi, ikakwama.

"Nitoeni! Nina haki ya kutoka humu!"

Nilimhakikishia kwamba anayo. Walinzi wakavuta mlango, wapi! Nikapiga simu karakana, nikaagiza fundi wa lifti aje mara moja.

"Si mmemfunga nyie wenyewe?" wakanijibu, kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima. "Alisema lifti ni mbovu, mkasema anaeneza hofu."

Msusi akanikazia macho. Mimi nikatazama viatu vyangu. Lakini tuseme kweli: hakuwa ameuliza tena, na jibu limemfikia lenyewe. Mfumo unafanya kazi.

Amri ya kumwachia kaka yake ilihitaji sahihi ya Mkurugenzi. Tuliipenyeza kwenye ufa wa mlango. Ikarudi imesainiwa kabla sijamaliza kueleza, imelowa jasho.

Fundi alipotoka hakuja wizarani. Alikwenda kwa dada yake. Nikatumwa kumfuata, na gari la Mkurugenzi mwenyewe. Msusi akanipokea mlangoni.

"Anaoga. Wiki nzima hajagusa maji. Akimaliza atakula, halafu atajinyoosha kidogo."

"Dada yangu, Mheshimiwa yuko gizani! Ameanza kuita mama yake!"

"Mwache kaka yangu aoge. Ni haki yake."

Hapo sasa tulikuwa kwenye taaluma yangu. Nikakohoa kidogo, nikamuuliza kiofisi kabisa: wajibu unaoambatana na haki hiyo ni upi, na ni wa nani?

Akanikabidhi ndoo mbili. Bomba liko mtaa wa pili.