Dirisha la Miswada Linalofunguka Sabato

Nyamache, Kisii

Kwa Bi. Krupa,
Mhariri wa jarida la Nyota za Milimani,
Ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kisii mjini.

Bi. Mhariri mheshimiwa,

Kazi ni tendo ambalo mtendaji wake angeliacha papo hapo endapo angeruhusiwa kuliacha bila hasara. Naanza na fasili hii kwa sababu malalamiko yangu yote yamesimama juu yake, na kwa sababu kufundisha hesabu kumenionyesha kwamba watu hugombana kwa muda mrefu zaidi pale ambapo hakuna aliyeeleza anagombania nini. Kuchuma majani chai ni kazi. Kula ndizi si kazi. Kusikiliza mahubiri, hilo naomba tusiliguse kwa sasa.

Jarida lako huchapisha hadithi na mashairi ya mambo yasiyokuwepo bado, na hupokea miswada mara mbili tu kwa mwaka. Dirisha la kupokea hufunguka kwenye tovuti Ijumaa jua likizama, na hufungwa Jumamosi jua likizama, au mapema zaidi iwapo miswada arobaini imetimia. Mimi ni mzee wa kanisa la Wasabato. Umeichukua siku yetu takatifu nzima, bila kupunguza wala kuzidisha dakika. Hadithi yangu moja imekaa kwenye droo misimu mitatu. Naomba kulalamika kwa mpangilio.

1. Kwamba kuwasilisha mswada kwenu ni kazi. Fomu yenu nimeisoma katikati ya wiki, inapoonekana lakini haikubali kujazwa. Inadai maelezo ya mwandishi yasiyozidi maneno hamsini, yaandikwe kana kwamba mwandishi ni mtu mwingine. Inadai hadithi nzima ielezwe kwa sentensi moja. Kama jambo hilo lingewezekana, nisingeandika zile nyingine. Mwisho inamtaka mtu athibitishe kwamba yeye si mashine kwa kuchagua picha zenye taa za kuongozea magari, chombo ambacho hapa Nyamache tunakihesabu miongoni mwa mambo yasiyokuwepo bado. Mtu mwenye akili timamu akiruhusiwa kuiacha fomu hiyo ataiacha. Kwa hiyo ni kazi, na Sabato siifanyi.

2. Kwamba chanzo cha kosa ni utakatifu wetu. Nilipokuuliza kwa nini Jumamosi, ulinijibu kwa adabu kwamba siku hiyo duka la baba yako huwa kimya, maana Wasabato hawaji kununua misumari, nawe hupata nafasi ya kuketi kwenye kompyuta. Nimelitafakari jibu hilo kwa uchungu. Tungekuwa wapotovu kidogo tu, tukaja kugombania bei ya mabati Jumamosi asubuhi, dirisha lingehamia siku nyingine nasi tungechapishwa.

3. Kwamba matokeo yameanza kuonekana mbinguni. Nimesoma matoleo yenu yote. Katika toleo lililopita, nahodha wa chombo cha angani anapiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha mitambo. Kuna shairi la beti kumi na mbili kuhusu rozari inayojisali yenyewe kwa nguvu za jua. Katika safari ya miaka mia mbili kati ya nyota, Msabato ni mmoja, ni mpishi, na anafariki ukurasa wa pili baada ya kukataa nyama ya nguruwe. Mwandishi wa hadithi hiyo ni Nyangate, jirani yangu Mkatoliki, tuliyefundisha naye shule moja. Jumamosi ya dirisha alinipita nikielekea ibadani nimevaa tai, akapaza sauti toka kwenye pikipiki ya boda boda: “Mwalimu! Mimi nimeshatuma kabla chai haijapoa! Wewe endelea kumngoja Bwana, mimi namngoja mhariri!”

Fikiria uzito wa jambo hili. Kanisa linalongoja mwisho wa dunia kwa bidii kuliko yote limefungiwa nje ya fasihi ya siku zijazo.

4. Kwamba hadithi yenyewe haiwezi kungoja. Inahusu Wagusii wanaolima chai mwezini. Huko, toka jua kuzama hadi jua kuzama tena ni karibu mwezi wetu mzima. Basi Sabato moja huchukua muda huo, wachumaji wanapumzika, na michai inageuka msitu. Wazo alinipa mama yangu, Mokeira, aliyeniuliza siku moja tukichambua maharagwe kama Mungu anahesabu siku kwa jua letu au kwa lake. Mama ni mzee sana. Ningeweza kumsomea leo, lakini anachokiamini yeye ni kilichopigwa chapa. Kilicho kwenye droo yangu anakiita uvumi. Kila wiki huniuliza: “Ogoti, watu wako wa mwezini wamefika?” Humjibu, “Bado, Mama.” Naye husema: “Waambie wakaze mwendo. Mimi sina umri wa kungoja Sabato ya huko.”

5. Kwamba nafuu ni rahisi. Hamisha dirisha hadi Jumanne. Ikishindikana, kwa ajili ya haki, lifungue misimu mitatu ijayo Jumapili pekee, wakati wa Misa, na lifungwe padri akitoa baraka za mwisho. Ikishindikana hilo pia, hamishia ofisi mwezini, ambako Jumamosi ni chache.

Nafunga kwa heshima ileile niliyofungua nayo. Nisalimie baba yako, Mzee Umesh, ambaye misumari yake nainunua Jumatatu kwa dhamiri safi. Nisalimie pia mama yako, Bi. Jashoda, wasomaji wenu wa miswada, na ile mashine inayouliza watu kama wao ni mashine.

Wako katika subira,
Mwalimu Ogoti Nyamongo

N.B. Baada ya kumaliza nilimsomea Nyangate barua hii, nikitarajia akose la kusema. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Fasili yako nzuri sana, Mwalimu. Sasa niambie, nani amewahi kukukataza kuacha?” Hakuna anayenilazimisha kuwaandikia, wala ambaye angenidai chochote nikikoma, na bado misimu mitatu sijakoma. Kwa fasili yangu mwenyewe, kuwasilisha mswada si kazi, na malalamiko yote matano yanaanguka pamoja. Tafadhali yahesabu kana kwamba hayakuandikwa.

Leo ni Jumamosi. Niko benchi la nyuma kanisani, simu iko ndani ya kitabu cha nyimbo, na mhubiri amefika hoja ya pili kati ya saba. Fomu nimeijaza, barua hii nimeibandika penye maelezo ya mwandishi, nami nakiri imezidi maneno hamsini. Mama amenigusa kwa kiwiko: “Umetuma?” Nimemwambia anyamaze, tuko ibadani.

Limebaki jambo moja. Sabato zile tatu nilizoketi hapa nimeikalia mikono yangu, nikijizuia kuigusa simu, tendo hilo la kujizuia ningeliacha papo hapo endapo ningeruhusiwa. Je, Bi. Mhariri, niliishika Sabato, au hizo ndizo Sabato pekee nilizofanya kazi?