Siku Mbuni Alipoingia kwa Makongoro Akiwa Amesimama

Sogeeni, enyi mliokwisha kula nanyi mnaongoja chungu kichemke. Tueni majembe, wanyamazisheni watoto na kuku, mpate kuisikia habari nzito ya Magesa mwana wa Mwikwabe, simba wa Kamunyonge, bwana wa usukani, aliyetoka Musoma asubuhi akafika Bunda jua likiwa bado juu, na asianguke. Majemadari wengine wameimbiwa kwa kuvunja ngome na kuteka miji. Huyu anaimbiwa kwa kutoanguka, na anayetaka kucheka na acheke, maana Magesa mwenyewe ndiye aliyetangulia kucheka.

Ilikuwa miaka ile sukari ilipokuwa imerudi madukani baada ya dhiki ndefu ya foleni, ruksa ya biashara imeingia, na kila mwenye kidogo akataka kidogo chake kionekane. Magesa naye alikuwa nacho: kigari cha porini chenye viti viwili, alichokipata kwenye mnada wa mradi mmoja wa pamba uliokufa. Kilikuwa kirefu kwenda juu na chembamba kwenda kando, magurudumu yamekaribiana kama magoti ya mtu aliyebanwa na haja. Wenyeji wakakiita Mbuni, kwa kuwa kilikuwa na mbio na miguu mirefu, wala hakikuweza kuruka. Kwenye njia iliyonyooka Mbuni hakuwa na mpinzani. Kwenye njia iliyolala upande alikuwa na tabia ya kulala nayo.

Tabia hiyo Mzee Makongoro wa Bunda aliijua kwa macho yake. Mwaka uliotangulia Magesa alikwenda kwake kumposa binti yake, Hana, amevaa suti ya kuazima, akataka kuingia kwa kishindo. Lakini kuufikia ua wa Makongoro sharti upite ubavuni mwa tuta kubwa la kuzuia maji, chini ya shamba la pamba, na hapo njia huinama kushoto. Shujaa wetu akaikata kona ile kwa mbio, na Mbuni akalala chini taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba. Majirani wakaja na kamba na miti, wakamwinua, kisha wakainywa pombe yote iliyokuwa imepikwa kwa ajili ya wageni. Makongoro akamsaidia mposaji wake kutoka kupitia mlango wa juu, akampangusa vumbi, akanena.

"Binti yangu sikukatazi. Lakini siku utakayorudi, gari iingie hapa imesimama. Ikilala tena, utainua, utaondoka nayo, na habari za Hana zitakuwa zimeisha."

Basi siku ya kurudi ikawadia, na Shangazi Mbuke, dada wa baba yake Magesa, akawa ndiye kiongozi wa msafara. Zawadi zilikuwa tatu: cherehani ya miguu ya chuma kwa ajili ya Marcelina, mama yake Hana, gunia la sukari, na godoro. Magesa akataka kuzipanga sakafuni nyuma ya viti. Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akalihutubia jeshi lake, ambalo lilikuwa la mtu mmoja.

"Magesa mwanangu, tangu lini zawadi ya wakwe inaendaga imefichwa kama gongo? Bibi yako alipoolewa, vitu vilibebwa kichwani kutoka ziwani, na kila mji vilikopita watu walikuwaga wanatoka kutazama. Kitu kisichoonekana njiani, wakwe watasema tumekiokota getini. Funga juu."

Magesa hakuogopa shimo wala fisi, ila dada wa baba yake alimwogopa sawasawa. Akafunga juu ya paa: chuma, sukari, godoro kileleni. Mbuni, aliyekuwa mwembamba chini tangu kuzaliwa, sasa akawa mzito kichwani.

Wakapita Butiama, na kweli watu wakatoka kutazama, Shangazi akawapungia mkono kana kwamba anawagawia mvua. Kwenye kona ya mbele kidogo magurudumu ya kulia yakaiaga ardhi. Yaliiaga kidogo tu, yakarudi. Magesa akauona usukani umekuwa mwepesi ghafla, na moyo wake ukawa mzito kwa kiasi kilekile.

"Umeona yule mama wa dukani alivyotutazama?" Shangazi akauliza.

"Nimeona, Shangazi," Magesa akajibu, naye hakuwa ameona kitu.

Hatimaye likatokea tuta la Makongoro, refu, jekundu, limenyamaza. Na mbele yake walikuwa wamekusanyika majirani, wakiongozwa na Luhende, jemadari wa kamba, wote wakiwa tayari na miti ya kuinulia na vibuyu vya kunywea, maana hawakuwa wamesahau pombe ya mwaka jana. Makongoro alisimama kwenye geti lake, mikono nyuma. Hana alisimama kando ya jiko, kiganja mdomoni.

Magesa akakanyaga breki. Alimpenda binti yule kupita kiasi ambacho mtu wa kujigamba hupenda kukiri, na sasa aliona wazi jinsi atakavyompoteza: Mbuni atainama, kichwa kitavuta, miguu haitatosha. Kushusha mzigo mbele ya wakwe ni kutangaza kwamba simba wa Kamunyonge ameogopa udongo. Akakaa kidogo na aibu yake. Kisha akashuka, akaanza kufungua kamba.

"Unanifanya nini mbele za watu?" Shangazi akauliza kwa sauti ya chini.

"Shangazi, huyu chini ni mwembamba, na juu tumemtwisha chuma. Njia ikiinama, atafuata kichwa chake."

"Watatucheka."

"Walishanichekaga hapahapa. Kuchekwa nakujua. Kumkosa Hana ndiyo sikujui, na sitaki kujifunza."

Wakacheka kweli. Luhende alicheka mpaka akaegemea mti wake. Magesa akalilaza gunia la sukari sakafuni nyuma ya kiti chake, upande wa tuta, ili uzito ukae chini na kulia. Akainua cherehani, ikamshinda, akaiinua tena, ikakaa kichwani. Shangazi Mbuke akashuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Nitwike godoro," akasema. "Kumbe hata bibi yako hakuwaga na gari."

Wakaenda hivyo mpaka getini, shujaa na chuma chake, shangazi na godoro lake, na hapakuwa na jicho lililokosa kuona. Marcelina akatoka mbio, akaishika cherehani ikiwa bado kichwani mwa mkwe. Kisha Magesa akarudi peke yake kwenye usukani.

Akamwambia Mbuni, "Ewe mwenye miguu ya kuazima, leo hatuendi kumwonyesha mtu kitu. Twende tu."

Akaenda mwendo wa kinyonga. Njia ikainama, Mbuni akainama nayo, gurudumu la kushoto likazama kwenye mfereji, na hapo dunia yote ikawa upande. Luhende akakunjua kamba. Magesa hakugeuza usukani, hakuongeza mafuta, hakupumua. Sukari ikakaa kimya mahali pake. Gurudumu likapanda, tuta likaisha, Mbuni akanyooka, akaingia uani.

Magesa hakushuka. Aliogopa hata kushuka kusije kukaharibu jambo. Makongoro akazunguka gari polepole, akiweka kiganja juu ya kila gurudumu, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Imesimama," akasema. "Mama Hana, wape maji ya kunawa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna mji uliotekwa. Vizazi na viandike kwamba katika nchi ya Bunda gari moja lilifika mahali likiwa juu ya magurudumu yake, kama magari mengine yote. Luhende alikunja kamba zake akiwa na kiu, akaondoka akilalamika kwamba posa za siku hizi hazina faida kwa jirani. Naye Hana alikwenda dirishani kwa Magesa, akamwambia kwa upole kwamba sasa anaweza kuuachia usukani.