Pamba Kwenye Mrija wa Babu Okwakol

Jumamosi, Mei 3
Hili sijamwambia mtu, hata Bibi. Jana kliniki nilimtafsiria Babu uongo, tena kwa makusudi. Daktari alisema kwa Kiingereza kwamba pombe imelegeza ukuta wa utumbo, vijidudu vinapenya na kufuata damu hadi kwenye ini, nalo limeanza kuvimba. Aache kabisa. Akiacha sasa, bado linaweza kupata nafuu. Babu akanigeukia, kofia mikononi. Mimi ninayeshindwa kuomba chumvi mezani, nimwambie mzee mzima aache mtungi? Nikamwambia kwa Kiteso kuwa tumbo lake linataka maziwa ya mgando. Maziwa daktari aliyataja kweli, mwishoni, kama chakula tu. Babu akamshukuru sana.

Jumapili, Mei 4
Mpango wa kwanza. Vijidudu vibaya vinatoroka utumboni? Basi vile vizuri vya mgando vikalinde mlango. Nimemnywesha Babu bakuli zima la mgando kabla hajaenda kwa Mzee Etyang kunywa ajon, pombe ya wimbi. Akaniita daktari wake. Kisha akawatangazia wenzake mtungini kwamba tumbo lake sasa limepigwa lami, akanywa maradufu.

Jumanne, Mei 6
Mpango wa pili, bora. Kila mzee ana mrija wake mrefu wa kunywea mtungini, wenye kichujio nchani cha kuzuia makapi ya wimbi. Wa Babu hulala juu ya mlango. Nimeuteremsha, nimeshindilia pamba kichujioni. Atavuta, atachoka, atarudi nyumbani. Hakuna atakayelazimika kusema neno. Nimejipongeza.

Jumanne hiyohiyo, jioni
Balaa. Nilitumwa kupeleka maji ya moto ya kuongezea mtungini, nikaona yote. Babu alivuta hadi mashavu yakakutana. Mzee Etyang akamuuliza kama ananyonya mtungi au nguzo ya nyumba. Wakacheka. Babu akapandwa na hasira, akafanya jambo ambalo hata kijana aliyeanza kunywa jana hafanyi: akapuliza. Mapovu yakatoka mtungi mzima.

Kupuliza mtungini ni kuwatukana wote walioketi. Etyang akauchomoa mrija wake polepole. "Okwakol, tumekunywa pamoja tangu hatujaoa. Leo unatutemea?"

Wamemfungia asinywe nao hadi Jumamosi. Amerudi nyumbani nyuma yangu, mrija begani kama mkuki wa mtu aliyeshindwa vita. Afadhali angenichapa.

Alhamisi, Mei 8
Nina hatia, lakini hajaonja tone. Anakunywa mgando, anamsaidia Bibi kupepeta wimbi, anawalalamikia kuku kuhusu Etyang. Naona umanjano wa macho aliokuwa nao kliniki umepungua. Au natamani tu. Pamba nimeitoa kwa siri.

Ijumaa, Mei 9
Kifungo kinakwisha kesho. Leo nilikuwa nyuma ya jiko nikamsikia Bibi akimbana Babu: daktari alisema nini hasa?

Babu akasema, "Alitikisa kichwa, akakata hewa kwa kiganja. Hata mbuzi angeelewa. Ila mjukuu wako akaniambia maziwa."

Bibi akamuuliza, kama alielewa, kwa nini basi aliendelea kunywa.

"Sijaambiwa bado. Siku mtoto huyo akifungua kinywa akasema Babu acha, nitaacha. Nani mwingine nimsikilize? Etyang?"

Nimelia kidogo. Maneno mawili tu. Yupo uani sasa hivi, peke yake, anachokonoa meno. Hatua chache.

Lakini nimefikiri vizuri zaidi. Nitayaandika hayo maneno kwenye kikaratasi, nikisokote, nikitie ndani ya mrija. Kesho atavuta, hakitapita, atachungulia, atasoma. Mimi nitakuwa mbali, kisimani. Hakuna atakayenitazama usoni. Ni mpango usio na kasoro, labda tu akipuliza. Hatapuliza tena. Mtu hapulizi mara mbili.

Nasikia ndara zake zinaburuta. Anakohoa mlangoni, anauliza kama daktari wake yupo, kwamba ana neno la kumuuliza. Naukalia ukurasa. Nitamwambia nasoma.