Kamati Iliyohakiki Ziwa

Kwa furaha kuu serikali iliwatangazia wananchi kwamba Kamati ya Uhakiki wa Maji, baada ya utafiti wa miaka mitatu, imegundua kuwa Uganda haina bahari. Kwa hiyo hakuna Mganda aliyewahi kuwa baharia.

Tangazo lilimkuta Kamanda mstaafu Jibril nyumbani kwake Kibuli. Alikuwa ameongoza boti za doria ziwani miaka ishirini na miwili. Kufutiwa cheo hakukumuumiza sana. Mkewe Rukiah hakuwahi kukitambua. Kilichomuumiza ni Opoka, msaidizi wake, aliyezama katika dhoruba akiokoa wavuvi. Kamati iliagiza jina lake liondolewe kwenye mnara wa mashujaa, na faili lisomeke: alifariki akioga.

Jibril akaenda ofisini. Mwenyekiti, Bwana Erinayo, ambaye pia alikuwa Mkurugenzi wa Ziwa, alimpokea kwa heshima na kumweleza kwamba ziwa ni maji tulivu kisheria. Kuhusu mawimbi, ofisi haikuwahi kutoa kibali cha mawimbi. Jibril akauliza kama wajumbe wamelitazama ziwa lenyewe. Wamelitazama, akajibiwa, kwenye ramani.

Hakubisha. Aliwaalika wakahakiki kwa macho, akataja na samaki wa kuchoma. Asubuhi iliyofuata wajumbe wote walipanda boti kwenye bandari ya Port Bell, wamevaa suti.

Nchi kavu ilipopotea machoni, upepo ukachafuka. Boti ikapanda, ikashuka. Erinayo akatapikia kumbukumbu za kikao.

"Afande, turudishe," akasema.

"Kutoka kwenye nini, mheshimiwa? Maji ni tulivu kisheria."

"Unataka nini?"

"Andika unachokiona."

Kamati ikapiga magoti, ikashikana mashati, ikapitisha kwa kauli moja kwamba maji haya ni bahari na Opoka alifia kazini. Jibril akageuza boti.

Wizara ilitekeleza azimio wiki hiyohiyo. Jina la Opoka likabaki. Na kwa kuwa ziwa halikuwepo tena, ikabainika kuwa hakuna aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Ziwa.

Erinayo akapanda boda hadi Kibuli, kofia mkononi, kumwomba Jibril amtolee ushahidi kwamba kweli aliwahi kufanya kazi.

Jibril akafikiri sana, maana hakupenda kusema uongo.

"Nilikuona ukifanya kazi mara moja, mheshimiwa," akasema. "Ulikuwa umepiga magoti."