Mstari wa Tisa katika Daftari la Bi Masjala

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mkuu, katibu mkuu mzima wa wizara, amepiga picha ratiba ya walinzi wa ghala la silaha, majina na zamu zao, akaituma kwenye kundi la simu la waliosoma naye sekondari. Watu sabini na wawili! Alitaka waone kazi yake ilivyo nzito. Mimi msaidizi wake. Nikimwokoa, ukurugenzi ni wangu.

Jumanne, 4 Machi
Bi Masjala, mtunza majalada ya siri, ameshamshtaki Mkuu kwa kamati ya uchunguzi. Amebakiza miezi minne astaafu, na haogopi! Nimempelekea keki. Nikadokeza kwamba huenda jalada lenye ratiba ile lilitoka lenyewe. Akasema, mwanangu, jalada halina miguu. Keki akaiandika kwenye daftari la zawadi. Kwa jina langu.

Jumatano, 5 Machi
Mpango mpya: wakati wa chakula cha mchana nichane ukurasa wenye saini ya Mkuu kwenye daftari la wanaochukua majalada. Nikaingia masjala kwa kunyata. Kumbe Bi Masjala hulia chakula mezani pake, juu ya daftari lenyewe! Nikasema nimefuata gundi. Akanipa, nikaitilia saini. Akanikumbusha tarishi aliyesahau bahasha moja dirishani mwaka jana, akasimamishwa miezi miwili. Akauliza kama sheria ile ilikuwa ya matarishi peke yao. Nikaondoka na gundi yangu. Mwanamke huyu ni chuma.

Dada akapiga simu. Mumewe ni mmoja wa walinzi wale. Akauliza huyo bosi wangu aliyemwanika mumewe kama nguo bado anakalia kiti cha nini. Nikamwambia suala linashughulikiwa. Akanikatia simu.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao cha kamati. Nikatoa ushahidi wangu: Mkuu hajui kutumia simu, kila ujumbe wake ninautuma mimi. Safi kabisa! Mwenyekiti akauliza, basi picha niliituma mimi? Nikasema hapana, ile tu aliituma mwenyewe.

Lo!

Mkuu akageuka mbogo. Akamuuliza Bi Masjala kama anajua anazungumza na nani. Akajibu taratibu kwamba anajua, baba, jina lako liko mstari wa tisa, na saa uliyochukua jalada. Kisha akasoma majina ya walinzi wote kumi na wanne kwa kichwa, akasema hao nao ni wakubwa nyumbani kwao. Nikapiga makofi. Peke yangu. Mkuu aliniona.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kasimamishwa, kesi inakwenda mahakamani. Alikabidhi simu yake na kutia saini kama tarishi yeyote. Kalamu aliazimwa na Bi Masjala, naye akamdai airudishe. Mimi nimesalimika: Bi Masjala aliiambia kamati kwamba mimi si mhalifu, ni mjinga tu. Mungu ambariki.

Jumatatu, 10 Machi
Katibu mkuu mpya kaingia, mama mkali, mpole wa sauti. Nikamuwahi mlangoni. Nikamwambia asijisumbue kushuka masjala kutia saini. Majalada ya siri nitamletea nyumbani kwenye mkoba wangu. Akaniuliza jina langu kamili. Akaliandika, akalipigia mstari mara mbili. Ukurugenzi huo!