Mashua ya Baba Inatetemeka

Jumatano, 8 Oktoba

Mashua inatetemeka. Tena si kidogo. Leo nimevuka ng'ambo, Utende, kuchukua mchele wa harusi, nimerudi na abiria wameshika taya. Bi mmoja kaniuliza kama mashine ina homa. Nikamjibu ni mkondo. Mkondo gani, na maji yalikuwa yametulia tuli?

Ijumaa ya wiki ijayo Munira, binti wa dada yangu Somoe, anaolewa Utende. Bibi harusi wa nyumba yetu hatoki kisiwani Chole ila kwa mashua ya Baba. Baba mwenyewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyemvusha Somoe. Kanzu nyeupe, mkono mmoja kwenye usukani. Mimi nilikaa mbele na chetezo, nimeagizwa udi usizimike. Harufu ile ninayo mpaka leo.

Sasa binamu yangu Abdulswamadu amemwendea Somoe kumwambia boti yake ya faiba ipo tayari. Ina mapazia. Mapazia!

Alhamisi, 9 Oktoba

Kaja Muhidini, fundi mashine wa Kilindoni. Kaniamkia vizuri, akaweka kiganja juu ya shafti, kile chuma kinachozungusha rafadha, akasema shafti na mashine havikukaa mstari mmoja. Anataka kuvipima mashua ikiwa inaelea, kwa sababu chombo cha mbao kikilazwa mchangani mbao zake hukaa vingine. Ataweza kurudi Jumanne. Nikamshukuru, nikamwambia nitamwita. Simwiti. Akiitengeneza yeye, Chole nzima itasema Muhidini ndiye aliyemvusha Munira.

Nina mpango wangu. Leo ni bamvua, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, na yamefika mpaka kwenye miti ya mikadi juu ya ufukwe. Nimeyafuata, nikaipandisha mashua juu kabisa, mahali maji ya kila siku hayafiki, nifanye kazi kwa raha na miguu mikavu. Mke wangu Biubwa kaniuliza kama nimetazama mwezi. Nimemwambia natazama mashine.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefaulu. Nimelegeza bolti za mashine, nikaingiza vipande vya malapa chini ya mguu wa kushoto, nikakaza. Shafti sasa inazunguka kwa kidole kimoja. Kwa nini watu wanamlipa fundi?

Baba alipoitia mashua hii mashine, uzeeni, alikuwa na kipimo chake. Aliweka kikombe cha kahawa juu ya kifuniko cha mashine. Kahawa ikicheza, anazima, anatweka tanga, anakunywa kahawa yake taratibu na safari inaendelea. Hakuwa na haraka mtu yule. Siku hizi kila mtu ana haraka, hata anayekwenda kulala.

Nimeweka kikombe leo. Kahawa haikucheza hata chembe. Biubwa kasema mashine haijawashwa. Bila shaka haijawashwa, tupo nchi kavu, itapoozwa na nini? Mwanamke huyu hana imani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Maji yamekuja, yakasimama mbali kama mgeni mwenye haya. Hata mkuku, ubao wa chini kabisa wa mashua, haukulowa. Nikasubiri. Yakarudi zao.

Ndipo nilipoutazama mwezi. Bamvua imepita, tunaingia maji mafu yasiyopanda juu, na bamvua nyingine itakuja harusi ikiwa imekwisha liwa na kusahauliwa. Mimi, mtoto wa nahodha! Baba alitazama mwezi kabla ya kutazama sahani. Nimekaa kwenye kivuli cha mashua na moyo wangu umeuma sana.

Nimemwambia Somoe mambo yanakwenda kama nilivyopanga.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa pili: kuvuta. Baada ya sala ya Alasiri nimetangaza kuwa Biubwa amepika pilau kwa kila atakayeshika kamba. Biubwa alikuwa hajaambiwa. Hata hivyo kapika, huku akinitazama.

Wamekuja wengi. Wakaimba, wakavuta, mashua ikasogea vizuri, kisha ikatumbukia katika mfereji niliouchimba mwenyewe asubuhi ili kuirahisishia njia. Sasa imekaa chini zaidi na imeinama upande. Watu wakala pilau. Abdulswamadu aliongeza sahani ya pili, akaniuliza kwa upole kabisa kama amwandalie bibi harusi boti. Machozi yakanijia. Nikamwambia ni pilipili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Munira amevuka kwa boti ya mapazia.

Lakini niandike yote. Baada ya sala, msafara wa wanawake uliteremka pwani. Abdulswamadu alikuwa amesimama majini, tayari kumpokea. Bibi harusi akampita. Akapanda ufukwe mpaka penye mashua ya Baba, akasema mama yake alitoka na chombo hiki, naye haondoki Chole bila kukipanda. Nikakimbilia ngazi. Akaketi nyuma, pale pale alipoketi Somoe, na kina mama wakajaa hadi hapakuwa na pa kukanyaga. Wakaimba nyimbo za kuvusha zote, kutoka mwanzo, tuko juu ya mchanga na maji yako kule.

Somoe akaniambia nishike usukani. Nikashika. Kila wimbo ulipofika mahali ambapo zamani tulikuwa tunalikaribia jiwe la katikati ya njia, nikaugeuza usukani kidogo, kama Baba. Somoe akaona. Akacheka, kisha akalia, nami nikalia, na sioni haya kuandika. Kwa muda ule Baba alikuwepo.

Munira akaniuliza, Mjomba, mbona haitetemeki kama watu wanavyosema. Nikamjibu nimeitengeneza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Bamvua. Mashua imeelea yenyewe, bila kamba ya mtu. Nikawasha. Imetetemeka hata kofia yangu ikaangukia majini, na malapa yote yakachomoka chini ya mashine.

Muhidini alikuwepo, kaja kwa shughuli zake. Akaeleza tena, kwa adabu ile ile, kwamba mbao zimerudia umbo lake la majini, na kwamba akiruhusiwa atavipima hapa hapa, chombo kikiwa kinaelea. Nikamwambia aende salama.

Kwa sababu kosa nimeshaliona mwenyewe. Mashua sikuipandisha juu vya kutosha. Ummy, mdogo wake Munira, ameshaletewa posa. Maji ya kesho yatakuwa makubwa kuliko ya leo, na ile mikadi nimekwisha ikata, mashua ipite.